Saa ya kugeuka: funzo la Everest kwa sisi wa mpakani

MACHI 2021 nililala usiku kumi na moja mpakani Namanga, chini ya lori lililobeba magunia 280 ya mahindi. Kenya ilikuwa imesimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Amri ilitoka Machi 5, na baada ya siku chache ikalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Cheti hicho mimi sikuwa nacho.

Dereva wangu alinishauri siku ile ile ya kwanza. "Bosi, tugeuze tukauze Arusha." Nikamuuliza mzigo ni wa nani, wake au wangu? Hakusema tena neno. Siku ya kumi na mbili tuligeuza, tukauza Arusha kwa bei ya kutupa, na magunia ya juu yalikuwa yameshalowa mvua.

Ninaye shemeji anayeongoza watalii Kilimanjaro. Nilipomsimulia, hakunipa pole. Alisema kazi yake kubwa mlimani si kuwapandisha watu, ni kuwageuza, na kwamba mimi nilifanya walichofanya watu wa Everest mwaka 1996. Nikamtaka anieleze.

Everest ina zaidi ya mita 8,800, wakati Kilimanjaro yetu ina 5,895. Huko juu mtu huishi kwa mitungi ya oksijeni, na mitungi ina mwisho wake. Kwa hiyo wapandaji huondoka kambi ya mwisho karibu na usiku wa manane, na huwekwa saa ya kugeuka: ikifika, aliyefika kileleni na asiyefika wote wanashuka, ili giza lisiwakute njiani.

Mei 10, 1996, vikundi viwili vya wateja walipanda kutokea upande wa Nepal. Kimoja kiliongozwa na Rob Hall wa New Zealand, kingine na Scott Fischer wa Marekani. Hall hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Miaka iliyotangulia alikuwa amefikisha kileleni watu 39, na kuna mteja aliyelipa hadi dola 65,000 kwenda naye. Lakini saa ya kugeuka haikuwekwa wazi: mara ilitajwa saa saba mchana, mara saa nane. Siku hiyo kukawa na foleni, kwa kuwa kamba za kushikia sehemu za juu hazikuwa zimefungwa mapema.

Wateja watatu wa Hall walitazama saa ikiwa yapata tano na nusu asubuhi, wakapiga hesabu, wakageuka. Wote watatu walirudi salama. Wengine waliendelea. Doug Hansen, mfanyakazi wa posta kutoka Marekani, alifika kileleni baada ya saa kumi jioni, na Hall alikuwa huko akimngoja. Dhoruba ya theluji ikawakuta. Hall, Hansen, Fischer na wengine wawili wa vikundi hivyo walikufa. Upande wa pili wa mlima walikufa Wahindi watatu.

Wapo wanaosema ni tamaa. Mimi sikubaliani nao. Hansen alikuwa amepanda na Hall mwaka 1995, na Hall huyo huyo alimgeuza wakiwa wamekaribia kilele. Kisha akamshawishi arudi tena, akampunguzia bei. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambiaje ageuke mara ya pili? Na kiongozi aliyemwita atapata wapi mdomo wa kumwambia?

Hapo ndipo nilipojiona. Fedha ya mahindi yale, nusu ilikuwa mkopo na nusu akiba yangu ya miaka tisa Muscat. Sisi tuliorudi nyumbani kutoka nje tunaijua aibu hii. Mtaani wameshasema "amerudi". Hutaki wakuone unarudi tena, safari hii na lori la mahindi.

Mwaka 2002 Michael Roberto, wakati huo mwalimu wa masomo ya biashara Harvard, aliandika juu ya msiba huo. Pamoja na suala la fedha iliyokwisha kuzama, alionyesha jambo ambalo mabosi wengi hatupendi kulisikia: waliokuwa chini walikuwa na wasiwasi lakini hawakusema. Hall alikuwa amewaambia wateja wake kwamba mlimani neno lake ni sheria. Katika kikundi cha Fischer, Neal Beidleman alijihesabu kuwa mwongozaji wa tatu kwa cheo, akasita kuwageuza watu. Nikamkumbuka dereva wangu pale Namanga.

Mwezi huo huo alikuwako Göran Kropp, Mswidi aliyetoka kwao kwa baiskeli hadi Nepal akiwa na vifaa vyake vyote. Mei 3 alibakiza kama mita 100 tu, akaona saa zimekwenda, akageuka. Fikiria umbali aliokwisha kuendesha! Mei 23 alipanda tena na kufika.

Siku hizi kabla ya kupakia, mimi na dereva tunaandika mambo mawili: bei ya chini kabisa na siku ya mwisho ya kungoja. Karatasi inakaa kwake. Haikai kwangu kwa sababu mimi ndiye ninayetaka kilele.

Safari moja tulikuwa Holili na vitunguu vya kuvusha Taveta, bei ng'ambo ikaanguka. Siku ya tatu, nikiwa bado nazungumza na dalali kwenye simu, nikasikia lori linawashwa. Nilipanda nimenuna. Tulikwenda kimya hadi Himo, ndipo nikamwambia asimame tunywe chai.