Umeme Mnyoofu wa Mashine ya Kuchonga: Kutoka Inga na Suswa hadi Karakana ya Nyumbani (Sehemu ya Nne)

Habari za umeme wa Ethiopia zimerudi tena magazetini. Tanzania inakusudia kuununua kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na mjadala umekuwa mkali: kwa nini nchi iliyokamilisha mitambo tisa ya bwawa la Julius Nyerere, yenye jumla ya megawati 2,115, inunue umeme kwa jirani? Hilo nawaachia wachumi. Mimi nimezisoma habari hizo kwa furaha ya namna nyingine, kwa sababu katikati ya safari yake umeme huo unafanyiwa kazi ile ile tunayotaka kuifanya leo ndani ya sanduku la bati litakalokaa chini ya mashine yetu ya kuchonga.

Umeme unaondoka Wolayta Sodo, kusini mwa Ethiopia, ukiwa umekwisha kugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu. Unasafiri kilomita 1,045 hadi Suswa, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, upande mmoja ukiwa volti 500,000 juu ya sifuri na upande wa pili volti 500,000 chini yake. Suswa ndipo unapogeuzwa tena kuwa mkondo geu na kuingizwa kwenye gridi. Njia hiyo ina uwezo wa kubeba megawati 2,000, na biashara yake ilianza Novemba 2022. Wahandisi hawakuchagua mkondo mnyoofu kwa kupenda mapya. Waya mrefu wa mkondo geu hujazwa na kumwagwa bila kupumzika, mzunguko baada ya mzunguko, mara 50 kila sekunde, na kadiri unavyorefuka ndivyo uwezo wake unavyoishia katika kujaza na kumwaga huko. Waya wa mkondo mnyoofu ukishajaa mara moja, basi. Kinachobaki ni kubeba mzigo. Tena gridi mbili zikiunganishwa kwa mkondo mnyoofu hazilazimiki kwenda kwa mdundo mmoja.

Ndugu zetu wa Katanga, kule Kongo, wameishi na umeme wa namna hii kwa muda mrefu kuliko sisi. Tangu mwaka 1982 umeme wa Inga, karibu na mlango wa Mto Kongo, unavuka nchi kwa takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi ili kuendesha migodi ya shaba. Mstari huo wa umeme ulipojengwa ulikuwa miongoni mwa mirefu kabisa duniani. Lakini ulipita, na mpaka leo unapita, juu ya vijiji visivyo na hata taa moja. Siasa ya wakati wa utawala wa Mobutu ilichangia, na ufundi nao ulichangia: mkondo mnyoofu wa volti laki kadhaa hauwezi kuchotwa njiani kwa transfoma ya nguzoni. Unahitaji kituo kizima cha kuugeuza, na kituo hicho ni ghali. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Umeme ulio juu ya kichwa chako si wako mpaka uwepo mtu anayejua kuugeuza ufae kazi yako.

Moyo wa kituo cha Wolayta Sodo, kama ule wa Suswa, ni mpangilio ambao vitabu vya uhandisi huuita daraja la Graetz. Pale thairista nyingi zimepangwa zikifuatana, kwa sababu hakuna moja inayoweza kustahimili volti zile peke yake. Kwetu nyumbani zinatosha daiodi nne ndani ya kipande kimoja cha ukubwa wa kiberiti. Wazo ni lile lile: mkondo unaokuja kwa kwenda na kurudi hupewa njia mbili, na kila utakapoelekea, utatokea upande ule ule wa chanya.

Leo Graetz alikuwa mwanafizikia wa Munich, na aliandika kuhusu daraja hilo mwaka 1897. Kabla yake lilikuwa limekwisha kuchorwa na Karol Pollak, Mpolandi aliyezaliwa Sanok mwaka 1859, na hataza yake ya Uingereza ni ya mwaka 1895. Miaka mingi nimekuwa nikimtaja mtu huyu kwa kila anayekubali kunisikiliza, na sitaacha. Pollak alikuwa mtengenezaji wa betri mjini Frankfurt, na betri haichajiwi kwa mkondo geu. Haja hiyo ya kazini ndiyo iliyomfikisha kwenye daraja. Daiodi za silikoni hazikuwapo, hivyo alitumia vyombo vyenye majimaji na bati la alumini. Juu ya alumini hujengeka utando mwembamba wa oksidi unaoruhusu mkondo upite upande mmoja na kuuzuia upande mwingine. Kisha akagundua jambo la pili: katika majimaji yasiyo na asidi, kama yale ya boraksi, utando ule hudumu hata umeme ukizimwa, na kwa wembamba wake unaweza kuhifadhi chaji nyingi mno katika chombo kidogo. Hiyo ndiyo kapasita ya elektroliti, nayo aliichukulia hataza miaka hiyo hiyo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukifungua pawa saplai ya kizamani utakuta vitu vitatu vikubwa, na viwili kati yake ni kazi ya Pollak. Daraja limepewa jina la mwingine na kapasita haina jina la mtu yeyote. Alifariki mwaka 1928. Walimu wa umeme wanaomfundisha kijana daraja la Graetz bila kumtaja Pollak wanaendeleza dhuluma ndogo ambayo ingeweza kumalizika kwa sentensi moja darasani.

Kitu cha tatu ni transfoma. Agosti 1831, mjini London, Michael Faraday alizungushia nyaya mbili kwenye pete moja ya chuma, akaona kwamba kuwasha na kuzima umeme kwenye waya wa kwanza kunatikisa sindano iliyounganishwa na waya wa pili. Pete ile ndiyo umbo la transfoma ya duara tutakayoitumia. Lakini iliwachukua watu zaidi ya nusu karne kuigeuza kuwa chombo cha kazi, na waliofaulu walikuwa wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest: Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri. Mwaka 1885 walionyesha kwamba kiini cha chuma kikifungwa pande zote, umeme unaweza kupandishwa na kushushwa kwa hasara ndogo. Bláthy alikuwa kijana wa miaka 25 hivi. Kazi hiyo ilitoka kiwandani, kwa watu wanaoshika shaba na chuma, na ndiyo maana nawaheshimu sana mafundi wetu wa kusuka mota. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anayehesabu mizunguko na kupaka vanishi ni mrithi halali wa Budapest, hata kama vyuo vyetu vya ufundi bado vinamweka nyuma ya aliyejifunza kubadilisha kadi tu.

Sasa mashine yetu. Msomaji aliyefuatana nami anajua tulipoishia: skrubu za gololi zimefungwa, mota tatu za stepa zimekaa mahali pake, na draiva zenye kikomo cha volti 50 zinasubiri umeme. Wengi watanishauri ninunue pawa saplai ya kisasa iliyofungwa, nyepesi na rahisi. Siikatai kwa kazi nyingine. Lakini meza nzito ya mashine ikifunga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme ulikotoka. Pawa saplai nyingi za kisasa zikiona volti zinapanda hujizima, na kazi inaharibika ikiwa katikati. Kapasita kubwa hupokea umeme huo kimya kimya, kama mtungi upokeao maji yaliyozidi, na kuutoa tena meza inapoondoka. Isitoshe, niliwahi kuuziwa dukani pawa saplai ambayo nusu ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko hazikuwamo. Kuandika wati ambazo kifaa hakina ni wizi, na mnunuzi hana mizani ya kuukamatia.

Mafundi wa draiva wana kanuni: chukua henri za mota kwa vipimo vya mili, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 32. Mota zetu zina milihenri 1.6, kwa hiyo tunapata volti 40 hivi. Wengine wataagiza transfoma ya volti 30, wazidishe kwa 1.414, watoe mbili za daiodi, wafurahi. Hawakuhesabu kwamba transfoma isiyo na mzigo hupanda kwa asilimia 8 hivi, na usiku umeme wa mtaani nao unaweza kupanda kwa asilimia 10. Wakijumlisha yote watajikuta kwenye ukingo wa volti 50, na draiva zitaungua mashine ikiwa imelala. Agiza volti 28. Kwenye mzigo utapata 37 au 38, na siku mbaya kabisa hutavuka 47.

Mota tatu za ampia 4 hazivuti 12 kwa pamoja. Theluthi mbili inatosha, yaani ampia 8. Transfoma iwe ya VA 500, maana mkondo unaoijaza kapasita huja kwa vishindo na huipasha moto kuliko hesabu ya juu juu inavyoonyesha. Ukipata transfoma ya duara kutoka kwenye amplifaya iliyokufa, ondoa waya wa pili, zungusha mizunguko kumi ya majaribio, upime. Ikisoma volti 4, basi kila mzunguko ni 0.4, na volti 28 zinataka mizunguko 70. Tumia nyaya mbili za shaba zenye kipenyo cha milimita 1.7 zikienda sambamba. Ya UPS iache: nyingi zimesukwa kwa kazi ya dakika chache, na mashine ya kuchonga hufanya kazi siku nzima.

Kwa mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde, daraja huijaza kapasita kila baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Ampia 8 kwa muda huo, tukivumilia volti zishuke 4, zinadai mikrofaradi 20,000. Kapasita iwe ya volti 80. Daraja liwe la ampia 35 na lifungwe kwenye bamba la alumini, kwa sababu litatoa joto la wati 16. Upande wa umeme wa nyumbani weka fyuzi ya kuchelewa ya ampia 4, na waya wa ethi ufungwe kwa skrubu kwenye sanduku lenyewe, mahali palipokwanguliwa rangi.

Kapasita hiyo inabaki na chaji baada ya swichi kuzimwa, na bisibisi ikigusa chanya na hasi kwa pamoja inaweza kuyeyuka ncha. Funga rezista ya ohmu 1,000, wati 5, kati ya chanya na hasi, ibaki hapo daima. Baada ya dakika moja zitabaki volti mbili tatu. Nimewaona wanafunzi wakiiondoa ili wasipoteze wati mbili. Asiyeithamini mikono ya mwenzake atakayefungua sanduku kesho asijiite fundi.

Usiunganishe draiva hata moja kabla hujaiacha pawa saplai ikiwaka yenyewe kwa saa nzima na kuipima mchana na usiku. Ikisoma zaidi ya volti 47, punguza mizunguko ya waya wa pili mmoja mmoja hadi ishuke. Wiki ijayo tutavuta nyaya kutoka kwenye sanduku hili hadi kwenye draiva.