Kutoka Dar hadi KIA, Ubavuni mwa Milima ya Upare

Umbali wa anga kati ya viwanja viwili vya ndege ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya uso wa dunia. Marubani huuhesabu kwa maili za baharini, na wana sababu nzuri. Maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, ni sawa na dakika moja ya latitudo, na digrii moja ina dakika 60. Anayejua viwanja viwili vipo wapi kwenye ramani anaweza kupata jibu kwa kalamu na karatasi. Wanafunzi wa sekondari hukutana na hesabu hizi kwenye mada ya dunia kama tufe, na wengi huziona kavu kwa sababu mifano yake ni ya miji ya mbali. Basi tuufanye mfano wa nyumbani.

Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, upo digrii 6 na dakika 53 kusini, digrii 39 na dakika 12 mashariki. Uwanja wa Kilimanjaro, ambao sisi tunauita KIA ingawa tiketi huandika JRO, upo digrii 3 na dakika 26 kusini, digrii 37 na dakika 4 mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 207, yaani maili 207. Ya longitudo ni dakika 128, lakini mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, kwa hiyo huku kwetu inashuka kidogo tu hadi maili 127. Kwa kanuni ya Pythagoras unapata maili 243, sawa na kilomita 450. Kwa masafa mafupi kama haya, mviringo wa dunia haubadilishi jibu kwa kiasi cha kuhangaisha.

Sasa chukua rula uchore mstari huo kwenye ramani ya Tanzania. Unatoka Dar, unapita katikati ya Handeni na Korogwe, unaambaa magharibi ya mto Pangani, kisha unaupita mji wa Same kwa umbali wa kilomita kama 25 upande wa magharibi. Anayekwenda kaskazini akae dirisha la kulia. Ataona Usambara kwanza, halafu Upare, halafu maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu, na siku ikiwa njema ataiona Kilimanjaro yenyewe.

Ndege haifuati mstari wa rula sawasawa. Inaruka kuelekea upepo unakotoka, inafuata maelekezo ya waongoza ndege, na ikifika KIA lazima igeuke, kwa kuwa njia ya kurukia pale imelala mashariki na magharibi ilhali ndege inatoka kusini-mashariki. Ndege ya pangaboi yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa ingemaliza masafa hayo kwa dakika 54. Ukiongeza kupanda, kushuka na kutembea ardhini, inazidi saa moja.

Milima nayo ina masharti yake. Shengena, kilele cha juu kabisa cha Upare, kina mita 2,462. Kanuni za kimataifa zinataka ndege inayoongozwa kwa vyombo ikae angalau mita 600 juu ya kizuizi kirefu katika maeneo ya milima, kwa hiyo juu ya Shengena isishuke chini ya mita 3,062. Ndege kubwa hupita juu zaidi ya hapo bila shida. Wenye kuisikia milima hii ni marubani wa ndege ndogo. Upepo wa kusini-mashariki unatoka baharini na unyevu wake, unagonga miteremko ya mashariki, unapanda, unapoa na kumwaga mvua. Ndiyo maana Mamba Myamba kunastawi tangawizi, na upande wa pili, Makanya na Hedaru, watu walilima katani. Upepo ukishavuka mgongo wa milima hushuka, na kiwanja kidogo cha Same kipo upande huo huo wa kushukia. Rubani anayekikaribia mchana wa jua kali hujiandaa kutikiswa.

Viwanja vyetu viwili havifanani hata kwa hewa. Julius Nyerere, uliopewa jina hilo mwaka 2006 na kupata jengo la tatu la abiria Agosti 2019, upo mita 55 tu juu ya usawa wa bahari. KIA, uliofunguliwa Desemba 1971, upo mita 894, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 8 hivi. Mabawa na injini hupata nguvu kidogo zaidi kwenye hewa nzito. Kwenye hewa nyepesi ndege hukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Njia ya KIA ina mita 3,600, ya Dar 3,000. Thamani ya urefu huo ilionekana Desemba 2013, ndege ya Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea KIA ilipotua kimakosa uwanja wa Arusha, kilomita 50 hivi magharibi, wenye njia ya mita 1,600 tu. Kwa bahati nzuri abiria wote walishuka salama.

Msafiri wa Same anayekwenda Dar kwa ndege ana hesabu yake. Kwa mstari ulionyooka KIA ipo kilomita 100 hivi kutoka kwake. Kwa barabara, kupitia Mwanga, Himo na Moshi, zinakaribia 150, na zote zinamrudisha nyuma. Akisharuka, anapita tena karibu na nyumbani kwake. Basi la moja kwa moja hadi Dar lina kilomita 450 hivi, karibu sawa na masafa ya anga tuliyopiga hapo juu. Ukijumlisha barabara, kusubiri uwanjani na saa ya angani, ndege inamwokolea saa chache kuliko anavyodhani akiangalia tiketi. Anayetoka Myamba ana kazi zaidi: hushuka mlima kwanza hadi barabara ya Kisiwani, ndipo aitafute Same, na wakati wa masika kipande hicho ndicho cha kutengewa muda wa kutosha.