Sambaza Anaanikwa, Msuko Hauanikwi



Pale sokoni Kamembe, mtazame mama mwenye sambaza. Mnunuzi anashika samaki, ananusa, anauliza bei, analipa, anaenda zake. Wakibaki, mama anawaanika juani, kesho anauza tena. Ndivyo bidhaa ilivyo: inaonekana, inashikika, inawekeka.

Sasa mtazame msusi. Mkononi ana kichana na uzi tu. Kumbe anauza nini? Mikono yake na muda wake. Masaa mawili aliyokaa bila mteja yamekwenda; hawezi kuyaanika ayauze kesho. Tena msuko hauonjwi kabla, na ukiharibika hauna pa kurudishwa. Hiyo ndiyo huduma. Kinyozi, fundi wa simu, mama anayefua nguo za watu, mwenye moto, wote wako hapo.

Kwa nini tunayasema haya? Familia nyingi zilikimbia zikafika mikono mitupu. Bidhaa inataka franga kwanza, na mali ina hatari zake. Machi 2020, Rwanda ilipofunga mipaka kwa ajili ya korona, wachuuzi waliozoea kuvuka mto Rusizi kwa miguu kwenda Bukavu walikosa soko ghafla. Nyanya hazingoji mtu! Lakini ujuzi ulio mkononi hauozi, na ukikimbia unakimbia nao.

Ila huduma nayo ina ugumu wake: mtu anakulipa kwa kitu asichokiona bado. Lazima akuamini. Basi, ufanye hivi:

- Anza na jirani. Kichwa chake kikipendeza, ndicho tangazo lako.
- Taja bei kabla ya kuanza, maneno yasije mwishoni.
- Uliza katikati ya kazi: "Mama, inauma? Nilegeze?" Baadaye ni kuchelewa.
- Shika saa mliyopatana.
- Jumamosi watu wanajaa, Jumanne hakuna mtu. Basi Jumanne punguza bei kidogo. Kiti kitupu hakileti kitu.
- Umechoka? Sema ukweli, mpange kesho. Mkono uliochoka unaharibu jina.

Wazee walisema kizuri chajiuza. Kwa huduma, ongeza hili: anayekuuzia ni mteja wa jana, aliyerudi nyumbani akiwa ameridhika.