Malaria na dawa zake (2): Vidonge vinavyobaki kwenye pakiti

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini homa isitibiwe kwa kukisia. Leo tuseme umepima, kipimo kimeonyesha malaria, na umekabidhiwa dawa ya mseto, ile ALu. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 na kuendelea hupewa vidonge 24: vinne kwa mkupuo, mara sita, kwa siku tatu. Wengi huuliza madhara ya kuvimeza, na ni haki yao. Mimi nashikilia kwamba, kwa wagonjwa walio wengi, hatari kubwa zaidi imo katika vile visivyomezwa.

Kila kidonge kimebeba dawa mbili, miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini, na kazi zao hazifanani. Artemeta ni ya kasi. Hufyeka vimelea kwa wingi, homa ikashuka mara nyingi kabla siku ya pili haijaisha, lakini baada ya saa chache huwa imekwisha mwilini. Lumefantrini huenda taratibu, hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa, nayo ndiyo humalizia vimelea vilivyosalia. Anayeacha dawa siku ya pili kwa sababu kichwa kimepoa na hamu ya kula imerudi, ameonja kazi ya artemeta na kuinyima lumefantrini kiwango chake. Nafuu anayoisikia ni ya kweli, ila haithibitishi kwamba amepona. Homa ikirudi wiki mbili au tatu baadaye, lawama huenda kwa dawa: siku hizi hazina nguvu, au ni feki. Dawa feki zipo, na ndiyo maana inafaa kununua famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali. Hata hivyo, dawa halisi iliyoachwa njiani huweza kuleta matokeo yale yale.

Saa nazo zina maana yake. Dozi ya pili huja saa nane baada ya ya kwanza. Kuanzia kesho yake ni asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni ileile, kisha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku kwa siku mbili zinazofuata. Kwa mvuvi wa dagaa anayetoka mwalo wa Mwigobero, hapa mkoani Mara, jioni, saa 4 usiku humkuta ziwani, kwa hiyo vidonge vinne visafiri naye mtumbwini, na chakula pia. Chakula hapa si cha kutuliza tumbo tu. Lumefantrini haiingii vizuri kwenye damu bila mafuta: kwa watu wenye afya waliofanyiwa utafiti, mlo wenye mafuta uliongeza kiasi kinachoingia takriban mara 16, na utafiti mwingine ulionyesha kwamba hata gramu 1.2 za mafuta zinakaribia kutosha. Mkoa wa Mara una ng'ombe na una ziwa. Kikombe cha maziwa au dagaa wa kukaanga vinatosha kabisa. Uji mtupu usio na maziwa wala karanga hausaidii sana. Mtoto akitapika ndani ya saa moja, apewe tena dozi hiyo, kisha mzazi arudi kituoni kuongezewa vidonge ili hesabu isipunguke mwishoni.

Kuna pingamizi moja ambalo wataalamu hulipuuza, nami naona lina uzito. Mama wa Nyamuswa au Kiabakari anaweza kusema: vidonge vya siku ya tatu ni vinane, mtoto wangu wa kilo kumi anahitaji sita tu kwa dozi nzima, kwa nini nisimwekee akiba? Hesabu yake haina kosa. Tatizo ni kwamba homa ya mtoto huyo itakuja bila kipimo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, waliokutwa na vimelea ni 2,062 tu, chini ya nusu. Kama hospitali zilikosea kiasi hicho, nyumbani tutabahatishaje? Mtoto mwenye nimonia akipewa vidonge vya akiba hupotezewa siku ambazo hana. Na mtu mzima aliyejinyima vidonge hivyo hajapona bado.

Wengine husema usugu wa vimelea ni mambo ya maabara. Tanzania iliachana na klorokwini mwaka 2001 kwa sababu haikuponya tena, ikachukua dawa nyingine, SP, nayo ikapitwa na mseto kabla ya mwaka 2007. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa Rwanda ina vimelea vyenye badiliko la vinasaba liitwalo R561H, vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemeta, na badiliko hilohilo limeonekana Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Simlaumu mgonjwa mmoja mmoja. Mabadiliko ya aina hii huzuka kwa bahati, na hupata nafasi pale dawa zinapotumiwa ovyo, kuanzia dukani hadi hospitalini. Mseto bado unaponya. Ila artemeta ikipungua kasi, mzigo unahamia kwa lumefantrini, yaani kwa dozi ambazo watu huziacha.

Kabla ya kuondoka dirishani, mweleze mtoa dawa kama unatumia dawa za kifua kikuu au ARV, una tatizo la moyo, au una ujauzito. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha sana kiwango cha mseto kwenye damu, na baadhi ya ARV pia hukishusha. Hilo aamue mtaalamu, si jirani.

Degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kunyonya, au mkojo mweusi havingojei vidonge. Ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, kwa sindano ya atesuneti. Na aliyetoka kwenye sindano hiyo naye bado anadaiwa siku tatu kamili za mseto, hata kama amerudi nyumbani akitembea mwenyewe. Kama kuna pakiti iliyokatwa nusu nyumbani kwako, usimpe mtu, ipeleke kituoni. Wiki ijayo tutazungumzia SP kwa wajawazito.