Safari ya China ipangwe kwa kalenda ya alizeti

WAKAMUAJI wadogo wa alizeti wa Singida na Dodoma wanaotaka kununua mashine China huanza maandalizi kwa kuulizia bei ya tiketi ya ndege. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Tiketi ni jambo la mwisho. La kwanza ni mwezi ambao mashine inatakiwa iwe imekwisha kusimikwa na inakamua.

Alizeti ya mikoa ya kati hupandwa mvua zinaposhika, Desemba na Januari, na huvunwa kati ya Mei na Julai. Huo ndio wakati ambao wakulima wana shida ya fedha na mbegu hupatikana kwa bei nafuu. Mkamuaji ambaye mashine yake inafika Agosti atakuta magunia mengi yamekwisha kununuliwa na wenzake, naye atanunua yaliyobaki kwa bei ya walanguzi. Atakuwa na mashine mpya isiyo na kitu cha kukamua.

Kwa hiyo hesabu ipigwe kinyumenyume. Ili mashine ikamue Mei, Aprili iwe ya kusimika na kujaribu, na Machi iwe ya bandari na lori la kutoka Dar es Salaam. Meli huchukua mwezi mmoja hadi mwezi na nusu baharini. Kiwanda nacho huhitaji mwezi au zaidi kutengeneza mashine iliyoagizwa. Ukijumlisha vyote, oda iwe imewekwa Oktoba, au Novemba mwanzoni kwa kuchelewa sana.

Bahati nzuri, Oktoba ndio mwezi wa Maonyesho ya Canton, yanayofanyika mjini Guangzhou tangu mwaka 1957. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, na mitambo huonyeshwa katika awamu ya kwanza, kuanzia tarehe 15 ya Aprili na ya Oktoba. Wengi huenda Aprili kwa sababu masika yamepunguza kazi nyumbani. Kwa mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani haina neno. Kwa mkamuaji, safari ya Aprili maana yake ni mashine ya kusubiri msimu wa mwaka unaofuata, huku mkopo ukizaa riba.

Wiki ya kwanza ya Oktoba si ya kwenda, maana Wachina wapo katika sikukuu ya taifa inayoanza tarehe mosi na viwanda vingi hufungwa. Mwaka mpya wao, unaoangukia Januari au Februari, ni mgumu zaidi. Wafanyakazi hurudi vijijini kwao, na oda ambayo haijakamilika husubiri kwa wiki kadhaa.

Swali linalofuata ni kama safari yenyewe inalipa. Tuseme mashine inauzwa dola 3,000, na tiketi, viza, hoteli, treni na chakula vinafika dola 2,500. Mkamuaji anayekwenda kununua mashine moja amekwisha kuifanya ya dola 5,500 kabla haijapakiwa melini. Kwa fedha hizo ni afadhali azungumze na ofisi ya SIDO ya mkoa wake, au anunue kwa waagizaji wa Dar es Salaam ambao faida yao huenda isifike hata nusu ya gharama za safari hiyo. Lakini wakamuaji wanne wakimtuma mmoja wao, kila mashine inabeba dola 625 tu za safari, na mnunuzi wa mashine nne husikilizwa kuliko wa moja. Wanaokataa mpango huu husema hawaaminiani. Basi waandikishane mapema: kila mmoja amechanga kiasi gani, na mashine ikifika na kasoro nani anabeba hasara.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha fika. Guangzhou hupendwa kwa sababu ndiko Waafrika wengi waendako. Mtaa wa Xiaobei una hoteli, migahawa na mawakala wa mizigo waliozoea wateja kutoka Afrika. Lakini viwanda vingi vya mashine za kukamua mafuta viko jimbo la Henan, hasa mjini Zhengzhou, kilomita 1,600 hivi kwa reli kuelekea kaskazini. Anayeishia Guangzhou anaweza kununua kwa dalali aliyekodi meza kwenye maonyesho. Maonyesho yatumike kulinganisha bei na kukusanya anwani, kisha zitengwe siku tatu au nne za Zhengzhou. Treni ya mwendo kasi inakwenda huko.

Kiwandani, asiridhike na mashine iliyopakwa rangi vizuri. Adai iwashwe na ikamue mbele yake, na ikamue alizeti yenye maganda. Wauzaji hupenda kuonyesha kwa karanga, na karanga hukamulika kirahisi. Apime mwenyewe kilo zinazoingia kwa saa na mafuta yanayotoka, kisha ayashike mashudu mkononi: yakiacha mafuta kwenye vidole, hiyo ni fedha inayotupwa. Asibebe mbegu kutoka Singida kwa ajili ya jaribio, kwani mbegu huzuiwa na karantini ya China. Anachoweza kubeba ni kile kipuri kinachokwisha haraka kwenye mashine yake ya zamani. Akikiweka mezani, fundi wa kiwanda ataelewa tatizo hata bila mkalimani.

Aulize pia umeme. Mota nyingi za ukubwa huo ni za fezi tatu, za volti 380 na hezi 50, ambazo zinaelewana na umeme wa TANESCO wa fezi tatu. Kijiji chenye fezi moja tu kitahitaji injini ya dizeli, na hilo lisemwe kabla ya bei kukubaliwa.

Malipo kwa kawaida ni asilimia 30 ya kuanzia na asilimia 70 kabla ya mzigo kuondoka au baada ya kuonyeshwa nakala ya hati ya shehena. Jina la akaunti ya benki lifanane na jina la kampuni lililo kwenye mkataba na ankara kifani, ile inayoitwa profoma. Ukija ujumbe baadaye kwamba akaunti imebadilika, asitume hata senti kabla ya kupiga simu na kuongea na mtu aliyeonana naye. Wezi huingia kwenye barua pepe za wafanyabiashara na kusubiri siku ya malipo.

Simu nayo ina mambo yake. WhatsApp na Google hazifanyi kazi kwenye laini za kawaida za China, na mkamuaji anayesimamia duka lake kwa WhatsApp atajikuta kiziwi kwa siku kumi. WeChat iwekwe kwenye simu yake na ya anayebaki na funguo za ghala, na ijaribiwe kabla ya kuondoka.

Bei nayo iandikwe inaishia wapi: mlango wa kiwanda, bandari ya China, au Dar es Salaam. Mzigo wa Henan mara nyingi hupakiwa Qingdao, na usafiri wa hadi huko si wa bure. Forodha ya Tanzania huhesabu thamani ikiwa na nauli ya meli na bima ndani yake. Mashine nyingi za viwandani hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia sifuri Afrika Mashariki, lakini kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18, na zipo tozo nyingine. Wakala wa forodha apewe ankara kifani apige hesabu kabla ya malipo ya kwanza. TBS nayo iulizwe mapema juu ya utaratibu ulioanza mwaka 2012 wa kukagua bidhaa zikiwa bado nchi zitokako, kwa kuwa kutafuta cheti kontena likiwa bandarini ni gharama na siku za kuhifadhi mzigo.

Na wiki ileile malipo ya kwanza yanapotumwa, maombi ya laini ya fezi tatu yapelekwe TANESCO na msingi wa zege uanze kuchimbwa.