Msipogoe Chai Wakati wa Kiangazi

Mtu apitaye kati ya Kericho na Bomet kwa njia ya Litein mwezi wa Februari, mvua ikiwa imeadimika tangu Desemba, aweza kudhani kwamba mashamba ya chai yamekwisha kufa. Wachumaji hurudi na vikapu vyepesi. Wako wakulima ambao siku kama hizo hushika panga na kupogoa, wakitumaini kwamba miti itachipuka upya. Hilo ni kosa kubwa, nasi twataka kueleza sababu yake.

Mti wa chai hauwezi kwenda mtoni kama ng'ombe. Maji yapunguapo ardhini, hufunga vitundu vidogo sana vilivyo upande wa chini wa majani, ambavyo kwavyo maji hutoka kama mvuke. Lakini hewa ambayo mti hutengenezea chakula huingia kwa vitundu hivyo hivyo. Kwa hiyo mti ukijikinga na kiu, wakubali njaa. Ndipo ncha za matawi hulala. Badala ya majani mawili na kichipukizi, mchumaji huona jani gumu na kitumba kidogo kisichokua. Huo si ugonjwa. Baridi kali nayo huweza kuleta hali hiyo hiyo.

Katika usingizi huo, akiba ya mti ni wanga uliowekwa mizizini. Mti uliopogolewa hauna majani, basi hula akiba hiyo mpaka majani mapya yatokee. Na akiba ikiwa haba, hufa kweli. Atakaye kujua na akate mzizi wenye unene wa penseli, atie tone la iodini, ile dawa ya vidonda: penye wanga patakuwa na rangi nyeusi.

Afadhali kungoja miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, udongo ukiwa na unyevu. Tena matawi yaliyokatwa yaachwe shambani yafunike ardhi.

Ni kweli kwamba miti haivumilii sawasawa. Watafiti wa Kericho wametoa aina iitwayo 303/577, isifiwayo kwa kustahimili ukame. Lakini hata ile ya zamani iliyopandwa kwa mbegu, ambayo vijana huidharau, ina mzizi mkuu ushukao chini sana.

Mvua za Machi na Aprili zikinyesha, vitumba vyote huamka pamoja, na shida huwa nyingine kabisa: majani ni mengi, lori halijafika, na jua linazidi kupanda.