Bidoni ya Kimo Chake

Butembo, mashariki mwa Kongo, kunakucha na baridi, na bidoni tupu zikigongana njiani kuelekea chemchemi. Dada mkubwa kabeba ya lita 20, anayemfuatia ya lita 10, na nyuma kabisa kitinda mimba wa miaka minne na yake ya lita 3. Usidhani huyo wa mwisho anacheza. Maji yake yatamiminwa katika sufuria ileile, na mama atamwambia asante kama alivyomwambia dada yake.

Sisi Wanande hata majina yetu humwonyesha mtoto nafasi yake: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kazi nazo zina zamu yake. Anayeanza kutembea huleta kijiko. Akikomaa kidogo hufagia uani, huchuma majani ya sombe, kisha hufika kwenye kinu.

Mimi hupenda zaidi saa ya kuchambua maharage. Mama anayamwaga kwenye ungo, binti anachuchumaa kando. Kidole gumba na cha shahada vinabana punje nzima, vinaitupa, jiwe linabaki. "Pole pole, mama," anaambiwa, maana kwetu mtoto wa kike huitwa mama tangu hajaota meno. Hakemewi, ungo unapitiwa upya. Siku atakayopewa chaki shuleni, vidole hivyo vitakuwa vimeshajua kushika.

Mbali na kwetu, tarehe 6 Januari 1907, mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto ambamo walifagia, walimimina maji na kufunga vifungo kwa vifaa vya kimo chao. Mama zetu wangeelewana naye mara moja. Ila haya maharage yataliwa jioni hii hii, na jiwe likisalia, baba atalitafuna. Mtoto analijua hilo, ndiyo maana anakaza macho.

Wavulana nao hujichongea chukudu ndogo, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, kwa mabaki ya mbao, wakiwaiga wakubwa wanaoteremsha kabichi na viazi. Gurudumu lisipokuwa duara, chukudu inayumba, wanalichonga tena.

Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, ndoo ya kunawia ilikaa mlangoni, na watoto wadogo ndio waliowaelekeza wageni kunawa.

Lakini bidoni inayomlemea mtoto shingo, au matofali anayobebeshwa saa za shule, hayo si malezi. Ni dhuluma, na tuyaite hivyo.

Tangu mauaji ya raia yaanze mwaka 2014, familia nyingi zimekimbia vijiji vya Beni. Mjini wanakokimbilia hakuna shamba wala kinu, pengine ni chumba kimoja cha kupanga. Nilimkuta mama mmoja wa familia hizo na watoto wawili, wameuweka katikati ungo walioazima kwa jirani. Maharage yalikuwa kikombe kimoja tu. Peke yake angeyachambua mara moja. Aliyagawa mafungu mawili, akaweka mikono mapajani, akawangoja.